Utani wa Kalamu na Mzigo wa Mpagazi

Msomaji wa Mkumbi, alifunguapo gazeti, aghalabu hatazami kwanza kauli za wakubwa, wala bei ya kahawa ingawa ndiyo inayomsomeshea watoto. Hutazama kikatuni. Picha ile ndogo, isiyozidi ukubwa wa kiganja, humwambia kwa mara moja jambo ambalo mhariri amelihangaikia kwa safu nzima. Sisi tuandikao safu hizi twalijua hilo, wala hatuoni kijicho. Lakini jambo lenye nguvu kiasi hicho linastahili kupimwa, na leo twataka kulipima.

Kipimo tunacho, wala hatukukiazima ng'ambo. Katika nchi yetu mzaha wa kumkosoa mtu una jina na una sheria zake. Jina lake ni utani. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali mwishoni mwa miaka ya 1870 na mwanzoni mwa miaka ya 1880, kisha wakaja kuwa watani. Hata msibani mtani huruhusiwa kusema neno ambalo, lau lingetoka katika kinywa cha mtu mwingine, pangezuka ugomvi. Lakini uhuru huo umefungwa na sharti moja: utani ni wa pande mbili. Atanipaye leo ndiye nitakayemtania kesho. Mahali ambapo mmoja ana ulimi na mwingine amezibwa kinywa, hapo hapana utani, bali pana dharau.

Kikatuni ni utani wa kalamu. Basi tuchukue mfano mmoja mkubwa, wa mtu aliyechorwa kuliko karibu watawala wote wa zama zake, na ambaye safari yake ilimleta hadi Afrika Mashariki: Theodore Roosevelt, Rais wa Marekani tangu Septemba 1901 hadi Machi 1909.

Roosevelt alishika madaraka baada ya Rais William McKinley kuuawa kwa risasi. Wachoraji wa magazeti walimpokea kwa furaha, kwa maana sura yake ilikuwa nusu ya kazi yao imekwisha kufanywa. Alikuwa na meno makubwa yaliyoonekana kila alipofungua kinywa, miwani ya kubana puani isiyo na mikono, masharubu, na kifua cha mtu apendaye mapambano. Mchoraji aliweza kuchora meno na miwani tu, bila uso, na kila msomaji akatambua ni nani.

Juu ya hayo, yeye mwenyewe aliwapa wachoraji silaha. Siku chache kabla ya kuwa Rais, tarehe 2 Septemba 1901, alitoa hotuba katika jimbo la Minnesota, akataja msemo wa kwamba yafaa mtu aseme kwa upole huku ameshika fimbo kubwa. Na katika barua aliyoiandika mwaka 1900 alidai kwamba msemo huo ni methali ya Afrika Magharibi. Hakusema ni ya kabila gani wala aliisikia kwa nani. Hata hivyo, tangu siku hiyo fimbo haikumtoka mkononi katika picha za magazeti. Mwaka 1904 mchoraji William Allen Rogers alimchora akiwa jitu linalotembea ndani ya maji ya bahari ya Karibi, rungu begani, akizikokota manowari kwa kamba kama mtoto akokotavyo vigari vya kuchezea. Picha hiyo ilieleza siasa ya Marekani kwa majirani zake wadogo kwa uwazi kuliko hotuba nyingi.

Kikatuni mashuhuri kupita vyote vya Roosevelt, hata hivyo, hakikuhusu manowari. Novemba 1902 Rais alikwenda kuwinda dubu katika jimbo la Mississippi. Dubu mmoja alikamatwa na kufungwa kwenye mti ili Rais ampige risasi. Roosevelt akakataa, akisema kwamba si uungwana wa mwindaji kumwua mnyama aliyefungwa. Clifford Berryman wa gazeti la Washington Post akachora tukio hilo: Rais amegeuka, ameinua mkono kukataa, na nyuma yake dubu amefungwa kamba shingoni. Picha ikapendwa mno. Muuza duka mmoja wa Brooklyn, Morris Michtom, akatengeneza dubu wa kitambaa, akampa jina la utani la Rais, Teddy. Mwanasesere huyo hulala na watoto wa dunia nzima hata leo, na wengi wa wazazi wawanunuliao hawajui kwamba alizaliwa katika kikatuni cha siasa.

Lakini nani alimkamata dubu yule? Alikuwa Holt Collier, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani, mwindaji hodari kuliko wote katika msafara ule. Yeye ndiye aliyemfuatia mnyama kwa mbwa, akamkabili ana kwa ana, akamfunga. Rais alisifiwa kwa kutopiga risasi, mchoraji akasifiwa kwa kuchora, muuza duka akatajirika. Jina la Collier halimo katika picha. Tuliweke jambo hili akilini, kwa kuwa litarudi tena katika ardhi yetu ya Afrika Mashariki.

Roosevelt alikuwa mtu wa kucheka alipochorwa. Mwaka 1910 mhariri Albert Shaw alichapisha kitabu kizima kinachosimulia maisha yake kwa vikatuni. Kwa hili twampa haki yake, hasa tukimlinganisha na wenzake. Katika jimbo la Pennsylvania gavana Samuel Pennypacker alichorwa mfululizo kama kasuku, naye akakasirika, na mwaka 1903 ukapelekwa bungeni mswada wa kukataza kuchora watu kwa sura za wanyama. Wachoraji wakamjibu kwa namna iliyomtia aibu zaidi: wakawachora wakubwa kama miti na mboga, kwa kuwa mswada haukutaja viazi.  Mtawala apiganaye na kicheko kwa sheria ni sawa na mtu afukuzaye moshi kwa fimbo.

Hata hivyo tusimsifu Roosevelt kupita kiasi, maana kicheko chake kilikuwa na mpaka. Mwaka 1903 nchi ya Panama ilijitenga na Colombia huku manowari za Marekani zikiwa karibu, na punde Marekani ikapata ardhi ya kuchimba mfereji. Rogers akamchora Rais akiwa na koleo, akitupa udongo wa mfereji juu ya mji wa Bogotá. Hilo Rais alilistahimili. Lakini mwaka 1908 gazeti la World la New York, mali ya Joseph Pulitzer, lilipouliza zile dola milioni 40 zilizolipwa kwa haki za kampuni ya Kifaransa ziliingia mifukoni mwa nani hasa, Roosevelt hakucheka. Alidai washtakiwe kwa kashfa, na serikali ikawashtaki. Kesi ilikwenda hadi Mahakama Kuu ya nchi ile, na Januari 1911 serikali ikashindwa. Fundisho lake ni hili: mtawala akicheka anapochorwa meno, msiseme bado kwamba amekubali kukosolewa. Ngojeni aulizwe hesabu.

Wakati Wamarekani wakimcheka Rais wao, ni nani aliyetutawala sisi wa Ruvuma? Alikuwa Kaisari Wilhelm wa Pili wa Ujerumani. Mwaka 1898, mwaka uleule ambao wamisionari Wabenedikti waliweka kituo chao Peramiho, Kaisari huyo alisafiri kwenda Palestina kwa fahari kubwa. Gazeti la dhihaka la Simplicissimus likaikejeli safari hiyo. Toleo lilikamatwa, na mchoraji Thomas Theodor Heine akafungwa miezi 6. Ikiwa Mjerumani mwenyewe, katika mji wake na kwa lugha yake, alifungwa kwa kumcheka Kaisari, sembuse Mmatengo au Mngoni! Fimbo kubwa kule Marekani ilikuwa mchoro wa wino. Huku kwetu ilikuwa kiboko chenyewe, na hesabu yake wazee waliijua kwa jina la hamsa ishirini, yaani viboko 25. Katika Songea ya mwaka 1906, ambako viongozi wa Vita vya Majimaji walinyongwa, hapakuwa na kalamu ya kumchora mtawala, wala ukuta ambao mtu angethubutu kuubandika mchoro wake.

Katika zama hizo, Roosevelt alikuja Afrika Mashariki. Alikuwa amemaliza urais wiki chache tu zilizotangulia. Alishuka Mombasa Aprili 1909 pamoja na mwanawe Kermit na wataalamu wa elimu ya wanyama, akapanda reli ya Uganda, akaketi juu ya kiti kilichofungwa mbele ya injini ili aone mbuga vizuri. Hakufika katika nchi iliyo Tanzania ya leo. Njia yake ilipita katika nchi iliyo Kenya sasa, kisha Uganda, ikaishia Khartoum Machi 1910. Yeye na mwanawe waliua wanyama 512, wakiwamo simba 17 na tembo 11, na msafara mzima ukakusanya vielelezo zaidi ya 11,000, wakubwa kwa wadogo, vilivyopelekwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian.

Kwa wachoraji wa Marekani safari hii ilikuwa karamu. Magazeti yalijaa simba wenye kutetemeka, twiga wakichungulia juu ya miti kuona kama miwani inakuja, na vifaru wakiagana na jamaa zao. Mmoja wa wachoraji mashuhuri wa zama zile, John T. McCutcheon wa gazeti la Chicago Tribune, hata alikuja mwenyewe pamoja na msafara wa Carl Akeley, mtaalamu wa kukausha ngozi za wanyama. Novemba 1909, karibu na mto Nzoia, walikutana na Roosevelt, na wakawinda tembo. Basi mchoraji na mchorwa walikutana uso kwa uso katika pori la Afrika, wakala pamoja na kucheka pamoja. Huo ulikuwa utani wa kweli, kwa maana kila mmoja alikuwa na ulimi, na kila mmoja alirudi kwao kuandika kitabu chake. Vitabu vyote viwili vilitoka mwaka 1910.

Lakini turudi kwa Holt Collier, au tuseme kwa ndugu zake wa huku. Msafara wa Roosevelt ulianza na wapagazi wapatao 200, Waswahili wa pwani na watu wa bara wa makabila mbalimbali. Walibeba mahema, risasi, sanduku la vitabu vya Rais vilivyojalidiwa kwa ngozi ya nguruwe, na chumvi ya kuhifadhia ngozi, ambayo peke yake ilikuwa tani 4. Mzigo wa kawaida wa mpagazi katika misafara ya zama zile ulikuwa ratili 60, yaani karibu kilo 27, kichwani, katika jua na matope. Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Katika vikatuni vya magazeti ya Marekani mzigo wa mpagazi ulikuwa mwepesi kuliko usufi, kwani haukuonekana kabisa. Simba alipewa maneno ya kusema, na hata nyani alipewa mawazo. Mtu mweusi, katika michoro mingi ya Marekani ya miaka ile, alipewa midomo minene, macho ya mviringo na kazi ya kukimbia kwa hofu. Mchoraji alimpiga mtawala kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akamkanyaga aliyembebea mtawala mzigo.

Wapagazi hawakuwa na gazeti. Je, walinyamaza? Hapana. Walikuwa na silaha kongwe ya Waswahili, yaani jina. Roosevelt mwenyewe, katika kitabu chake juu ya safari ile, alieleza kwamba watu wake walimwita jina aliloliandika Bwana Makuba, na kila ajuaye Kiswahili huona mara moja kwamba ni Bwana Mkubwa. Mwanawe alikuwa Bwana Mdogo, kisha akaitwa Bwana Maridadi. Magazeti ya Marekani, lakini, yalieneza jina jingine kabisa: Bwana Tumbo. Hatutasimama hapa kuamua lipi lilitamkwa zaidi. Kila aliyewahi kufanya kazi chini ya bwana anajua kwamba mtu mmoja huweza kuwa Mkubwa mbele ya hema na Tumbo nyuma ya jiko. Na Bwana Maridadi ni kikatuni kamili cha kijana wa mjini aliyejipamba porini, kilichochorwa bila wino wala karatasi, kwa neno moja.

Jina la namna hiyo ni mchoro wa mtu asiye na kalamu. Hudumu, huchekesha, na mchorwa mwenyewe huweza kulibeba kwa fahari bila kuyajua yote yaliyomo ndani yake. Lakini lina udhaifu wake: husikika na walio karibu tu. Kikatuni cha Chicago kilisomwa na mamia ya maelfu. Jina lililotolewa na mpagazi kando ya moto lilihitaji kusubiri hadi bwana aliyechekwa aliandike yeye mwenyewe, tena kwa tahajia yake. Ndiyo maana twasema kwamba vikatuni vya safari ile, pamoja na uhodari wake wote, havikuwa utani kamili. Upande mmoja ulikuwa na mashine ya kuchapa, na upande wa pili ulikuwa na mzigo.

Hali hiyo imebadilika. Kalamu imefika mikononi mwetu. Baada ya Uhuru, wasomaji wa Tanzania walimpata Chakubanga wa mchoraji Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, na baadaye Kipanya wa Ali Masoud akaanza kusema yale ambayo watu wazima waliyanong'ona. Mtanzania Godfrey Mwampembwa, ajulikanaye kwa jina la Gado, alianza mwaka 1992 kuchora katika gazeti la Daily Nation la Nairobi, na marais wa Marekani wamepita chini ya kalamu yake kama vile Roosevelt alivyopita chini ya kalamu ya McCutcheon. Mjukuu wa mpagazi sasa anamchora mrithi wa Bwana Mkubwa. Deni la mwaka 1909 limeanza kulipwa, nasi twafurahi.

Lakini furaha hiyo isitufumbe macho. Yapo maswali mawili ambayo kila mwenye kalamu hana budi kujiuliza.

La kwanza lawahusu watawala. Mtawala apendaye kuchorwa tumbo na mavazi si lazima awe mtawala avumiliaye ukweli. Roosevelt ametufundisha hilo kwa mfano wa Panama. Kipimo cha uhuru wa mchoraji ni kile kikatuni kinachouliza fedha ziliingia wapi, wala si kile kinachoonyesha meno. Nchi inayoruhusu cha pili na kukataza cha kwanza imempa mchoraji ruhusa ya kuchekesha, haijampa uhuru.

La pili latuhusu sisi wenyewe wa magazeti, na ndilo linalotugusa zaidi tukiwa Mkumbi. Mara ngapi katika vikatuni vya mjini mtu wa kijijini amechorwa kuwa mjinga, mdomo wazi, suruali fupi, akishangaa gari au taa za barabarani? Tunamcheka mshamba kama Wamarekani walivyomcheka mpagazi, na kwa sababu ileile: yeye ndiye asiye na kalamu. Laiti mchoraji wa mjini angepanda milima ya Umatengo akaona ngoro! Angeona jinsi mkulima anavyolaza majani katika mistari, akayafunika kwa udongo, hata mlima wenye mteremko mkali ukajaa mashimo yanayoshika maji ya mvua na kuzuia rutuba isichukuliwe na mmomonyoko. Maarifa hayo yalikuwapo kabla ya Kaisari, na wataalamu wa mbali wamekuja kuyasomea. Mtu mwenye elimu hiyo si kichekesho. Na akichekwa, basi naye apewe nafasi ya kujibu.

Mababu wa watu wa Ruvuma wanaujua mzigo. Walibeba katika misafara ya kwenda pwani, na katika vita vya mwaka 1914 hadi 1918 wakabebeshwa tena mizigo ya majeshi ambayo ugomvi wake haukuwa wao. Dar es Salaam ina Kariakoo, jina lililotokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza, na kila siku maelfu hununua nguo na nyanya pale bila kukumbuka. Vikatuni vya vita vile viliwachora majenerali na wafalme. Aliyebeba hakuchorwa.

Kwa hiyo twawaomba walimu wa shule zetu, kuanzia Mkumbi hadi Mbamba Bay, walitumie gazeti darasani kwa namna mpya. Wawape watoto kikatuni na kuwauliza mambo matatu: nani anachekwa hapa, nani amebeba mzigo, na nani ameshika kalamu? Mtoto akizoea kuuliza hivyo, hatadanganyika kwa picha, iwe imechapwa katika gazeti au imetumwa katika simu. Kisha wampe penseli achore yeye mwenyewe, naye aanze na mwalimu wake. Mwalimu atakayeweza kucheka siku hiyo atakuwa amefundisha somo la uraia kuliko kitabu kizima.

Nasi wa magazeti tusiache kuwachora wakubwa. Tuwachore meno yao na hesabu zao. Bali tuchorapo msafara, tusiishie kwa anayetangulia na bunduki. Tushuke hadi mwisho wa mstari, kwa mtu mwenye chumvi kichwani, tumpe sura yake halisi, na tumwachie nafasi ya kusema.